Plastiki Iliyomhukumu Shangazi Mwanaidi

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Shikamoo Baba Mdogo Kassimu, shikamoo Shangazi Mwanaidi, na nyote mliokaa hapo Kerege baada ya sala ya Ijumaa, asalaam alaykum. Namwomba Baba Mdogo aisome barua hii kwa sauti, mwanzo hadi mwisho, asiruke neno hata pale patakapomchoma. Nimeiandika kwa mkono na kuipiga picha, na mdogo wangu Zuhura nimemwagiza akaichapishe steshenari, ili yasiwe maneno ya simu yanayopita na upepo.

Goti lako linaendeleaje, Mama? Mihogo imepata mvua? Mimi huku Korea ni mzima, ila baridi imetushika, na hewa ya ndani ni kavu hata midomo inapasuka. Ukavu huo ndio utakaonifikisha kwenye jambo lililowakalisha leo.

Mnajua nafanya kazi maabara, lakini sidhani nimewahi kuwaeleza sawasawa ninachokitengeneza. Ni plastiki yenye tabaka nyingi, kila moja nyembamba kuliko unywele, tena mara nyingi mno. Haikutiwa rangi, Mama, kama wewe unavyochemsha ukili wa mikeka yako. Rangi yake ni mwanga unaogonga zile tabaka na kurudi, kama tuuonavyo kwenye povu la sabuni. Tabaka zikikaribiana, jicho huona buluu. Zikiachana kidogo, kijani. Zikiachana zaidi, nyekundu. Sisi tunajifunza kuziachanisha kwa umeme mdogo, ili kioo cha simu kisomeke juani bila kumaliza chaji. Lakini maji nayo huziachanisha, tena upesi. Plastiki hunywa unyevu, huvimba, huwa nyekundu. Ikikauka hurudi buluu yake.

Nalijua hili kwa aibu. Mwaka wangu wa kwanza nilitoka kuswali adhuhuri, mikono ingali na maji ya udhu, nikashika kipande tulichokihangaikia tangu asubuhi. Kikaiva kama pilipili. Mwenzangu Min-ji akaangua kicheko: "Saumu, leo tumegundua kipimo cha sala!" Hadi leo kila mchana hunidaka mlangoni: "Umeshakauka?"

Sasa nije kwenu. Hati ya shamba la Babu, lile la Mapinga, imetoweka sandukuni, na ufunguo anao Shangazi. Akaletwa mtaalamu wa kufichua wezi kutoka Msata. Katika video aliyonitumia Zuhura namwona mkekani, anafungua kopo la maziwa lililojaa mchele mkavu, anachomoa kipande cha buluu.

"Hii ni ngozi ya ukweli," anasema. "Mwenye kuficha, itamwivia mkononi."

Baba Mdogo alishika, ikawa kijani kidogo. Mtaalamu akasema hiyo ni hofu tu. Kaka yangu Shabani alishika, ikabaki buluu. Ilipofika zamu ya Shangazi, akanyanyuka.

"Ngojeni kwanza nitie udhu. Sili kiapo hivihivi mimi."

"Bi harusi huyo, mwacheni ajipambe!" mtu akamtania, nanyi mkacheka.

Akaenda uani kwenye ndoo, akarudi, akashika. Nyekundu.

"Makubwa!" akasema Baba Mdogo. "Dada, sasa utatwambia nini?"

Shangazi alikitazama kiganja chake kana kwamba ni cha mtu mwingine.

Leo mmekutana ili mumnyang'anye ufunguo na kumtoa katika nyumba aliyotulelea sisi tangu Baba alipofariki. Nami nasema mbele yenu nyote: mwanamke huyu alihukumiwa na udhu wake. Kati ya watu wote waliokuwa ukumbini, ni yeye peke yake aliyeogopa kuapa bila twahara, na kwa hofu hiyo njema mkamwita mwizi. Kama mna shaka, leteni bakuli la maji sasa hivi. Mtaalamu achovye vidole, ashike ngozi yake ya ukweli. Kisha mtuambie yeye naye kaiba nini.

Ningeishia hapo, kama si ule mchele.

Nyinyi mlidhani ni wa uganga. Mimi niliutambua. Nilipokuja likizo nilileta vipande vitatu vilivyokataliwa maabara, nikampa mtu mmoja avichezee, nikamwambia: "Hewa ya pwani ina unyevu. Viweke koponi na mchele mkavu." Kila kipande changu hukikata pembe moja, nijue upande wa juu. Cha mtaalamu kimekatwa pembe.

Mtu niliyempa ni Shabani. Ni Shabani pia, kama ulivyonisimulia mwenyewe, Mama, aliyesema anamjua mtaalamu wa Msata. Na katika video, kabla ya kushika, anafuta kiganja kwenye kanzu mara tatu. Hakuna mwingine aliyefuta.

Nilimpigia simu, nikamuuliza vipande viko wapi.

"Vipande gani, mdogo wangu?"

"Vya buluu."

"Aa, vile! Vililiwa na panya, bwana."

Panya gani huyo, jamani, anayekula plastiki akauacha mchele?

Sisemi hati iko kwake. Sina ushahidi huo, wala sitaki kurudia kosa lenu la kumhukumu mtu kwa rangi ya kiganja. Nauliza tu: madalali wanaozunguka Mapinga wakitafuta viwanja, wanapofika shambani kwetu humuulizia nani? Jirani zetu wa kule wanajua. Waulizeni leo, kabla hamjamgusa Shangazi.

Nisalimie shemeji yangu mpishi wa maandazi, mwambie nayaota. Nisalimie mwalimu wa madrasa aliyenifunza kusoma kabla ya shule. Shangazi mshike mkono mbele ya watu wote, Mama, wala usijali kama umelowa.

Utaona sikumtumia salamu Shabani. Yake ni barua hii nzima. Akishaisikia, kama ana cha kurudisha, anajua sanduku lilipo.

Mwanao akupendaye,
Saumu