Waridi la Mama Yenu Halikufa

Norrgärde, kisiwani Öland
27 Juni 1969

Kwa Shemeji yangu mpendwa, Ingegerd,

Nakusalimu kwa heshima na upendo mwingi, nikitumaini kwamba barua hii itakukuta u mzima huko Minnesota, na kwamba magoti yako yanakuruhusu kupanda ngazi za kanisa bila msaada. Mimi naendelea vizuri. Nyonga niliyoiumiza Februari, nilipoteleza kwenye barafu, sasa inanibeba mpaka langoni na kurudi.

Naomba radhi kwa kuchelewa kujibu barua yako ya Pasaka. Nyonga hiyo ilinilaza kitandani hadi katikati ya Mei. Kwa majuma yaliyofuata sina cha kusingizia isipokuwa aibu.

Uliandika kwamba, kwa kuwa waridi mwitu la mama yenu limekufa kwa baridi, niling'oe, nawe hutafunga safari ya Septemba kwa sababu hakuna tena cha kuja kutazama. Shemeji, baridi haikuliua. Nilikudanganya.

Unakumbuka kwamba dada yako, marehemu mke wangu Hildur, hakuruhusu mkasi ukaribie kichaka kile. Mimi, niliyefunzwa kazi ya bustani shuleni, niliona ni uvivu, nami nilimwambia hivyo mbele ya wageni. Alipofariki, nilidhani namfanyia heshima kwa kukitengeneza. Kila Aprili, kwa miaka mitatu, nilikikata hadi magotini, kama tulivyofundishwa kuyakata mawaridi ya bustani. Kila kiangazi kiliota majani mengi bila ua hata moja. Nawe uliponiomba petali za kuweka ndani ya Biblia yako, niliandika habari za baridi, kisha nikaandika kwamba kichaka kimekufa.

Mwaka huu Aprili ilinikuta kitandani, na mkasi ukabaki msumarini. Juma lililopita jirani yangu Tyra alikuja kunigongea dirisha.

“We Arvid! Toka nje ukamwone maiti wako!”

Ukuta wote wa mawe ulikuwa umefunikwa maua, yale mepesi ya petali tano, yenye rangi ya shavu la mtoto, na nyuki wamejaa.

“Hili linachanua kwenye matawi ya mwaka jana,” Tyra akasema. “Umelinyoa kila mwaka kama mfungwa, halafu unangoja maua! Hildur si alikwambia uliache?”

“Alinambia. Nilidhani ni uvivu.”

“Hildur, mvivu? Haya mzee, twende ukanywe kahawa, akili ikurudie.”

Kahawa haikunisaidia. Kwa kutojua ningeweza kusamehewa. Lakini mke wangu alijua, akanieleza, nami sikumsikiliza. Kisha nikakunyima wewe safari kwa uongo ili nisionekane mjinga. Kwake siwezi tena kuomba msamaha. Kwako naomba.

Sikuling'oa. Septemba matunda yake yatakuwa mekundu, nami nitakupikia ile supu tamu ya matunda hayo mliyoizoea, ingawa Tyra anasema nitaacha vile vinyweleo vya mbegu viwashe koo za watu wote. Tafadhali njoo. Una miaka sabini na minne, nami sabini na tisa. Siwezi kukuahidi kiangazi kingine. Ukiona huwezi kukaa nyumbani kwangu baada ya haya, Tyra ana chumba, nami nitabaki upande wangu wa ukuta mpaka uniite.

Nisalimie mumeo Walfrid, nawe umwambie ukweli huu wote, kwani alinipa pole ya waridi kwa barua ndefu nisiyoistahili. Mwenyezi Mungu awalinde, awape usingizi mwema na moyo mwepesi kuliko wangu.

Ni mimi shemeji yako, mwenye kukupenda na kukukosea,

Arvid Sandelin

Barua hii nimeiandika mara mbili kabla ya leo, na mara zote mbili nimeichoma jikoni. Kwa hiyo sikuthubutu kuiacha ingoje posta, nisije nikaichoma tena. Ataileta Margit, binti wa Tyra, anayerejea Alhamisi kwenye kazi yake ya uuguzi huko kwenu. Nimemwomba asiondoke mlangoni pako mpaka umeisoma yote.