Chai ya Damu ya Mama Waceke

Nafuna, nimetoka sasa hivi kwa Mama Waceke, yule wa dawa za mizizi.

Unajua ile chai nyekundu dada yangu Jentrix anakunywa tangu azae, ati inarudisha damu. Leo nimeenda kumchukulia nyingine nikapata mizizi bado inachemka. Maji yalikuwa ya kahawia tu, kama ya kuoshea miguu.

Mama Waceke akafungua mkebe wa rangi ya katani. Ndiyo, ile anatia vyondo vyake, vile vikapu anavyosuka. Akamimina kwa sufuria mbele yangu, na chai ikawa nyekundu hapo hapo.

Nikamuuliza, "Mama, si hiyo ni ya vyondo?"

Hata hakugeuka. "Mizizi ndiyo dawa. Lakini ikiwa kahawia, nani ataamini ni ya damu?"

Nani ataamini. Ndivyo alisema, Nafuna, huku akikoroga.

Na sisi tumekuwa tukiona mkojo wa Jentrix mwekundu, tukiambiwa ni damu chafu inatoka. Sasa macho yake yameanza kuwa ya manjano.

Nimerudi nikamwambia Jentrix yote. Akasema, "Wewe umezaa lini ndiyo ujue? Hii ndiyo inanisimamisha." Akamaliza kikombe, akamweka mtoto kwa titi.

Mimi hanisikii. Wewe ndiwe ulimshika wakati wa uchungu wa kuzaa, wewe atakusikia. Toka huko Kawangware leo, tumpeleke hospitali. Chupa ya chai iliyobaki nimeimwaga, lakini ameshatuma mtu amletee nyingine.