Miguu Yangu na Shangazi Nyanjige

Arusha,
Jumapili jioni.

Baba yangu mzee Bundala,

Shikamoo baba. Mwangaluka, salamu yetu ya asubuhi, hata kama barua itakufikia jua limeshazama. Natumaini u mzima, goti limepoa, na ng'ombe wanapata maji kabla malambo hayajakauka. Mimi kwa mwili sijambo. Nakula, nalala kidogo, kikohozi cha baridi ya huku kimeniachia. Najua dada Felisita ndiye atakayekusomea, na Felisita akisoma haraka humeza maneno. Dada, leo usimeze hata moja.

Utauliza kwa nini naandika wakati simu ipo. Baba, simu nimeijaribu. Kila nikitaja jina la shangazi Nyanjige unanigeuzia habari za pamba, au unakata. Barua haikatwi. Naandika kwa ajili yake, dada yako wa tumbo moja, uliyemtoa pale kwetu Nkololo ukiamini ndiye anayenifunga miguu nisimalize mbio. Naomba arudi nyumbani, tena mapema, kabla watu hawajamfanyia jambo ambalo sote tutalijutia.

Kwanza nikueleze maisha yangu, maana hukuwahi kuuliza na mimi sikuwahi kusema. Mkiniona kwenye televisheni mnadhani nimezungukwa na watu. Wapi! Naishi chumba kimoja. Alfajiri nakimbia na wenzangu, tukimaliza kila mtu anaingia kwake, anasonga ugali wake, analala. Mchana ndio mrefu. Wenzangu wengi ni Wambulu, wakianza kuongea kikwao mimi nabaki kutazama midomo. Wiki iliyopita sokoni mama mmoja muuza mchele alisikia matamshi yangu, akanisalimia Kisukuma. Nikanunua mchele ambao sikuuhitaji, ili tu aendelee kuongea. Huko Ulaya ninakokwenda kukimbia ndiko kubaya zaidi. Unalala kwenye kitanda cha watu wawili peke yako, na dirisha halifunguki.

Nyinyi mlikuwa mnanitazama kwenye kibanda cha mpira cha Joakim pale senta. Mdogo wangu Maige ndiye aliyekuwa akinisimulia. Alisema mara ya kwanza ulibeba kigoda chako mwenyewe ukakaa mbele kabisa, na uliponiona naongoza kundi zima, Wakenya na Waethiopia wote nyuma yangu, ulisimama ukaita jina la babu kwa sauti. Hukungoja hata mbio ziishe, ukatuma mtu akachinje dume. Halafu baada ya muda sikuonekana tena. Mara ya pili ikawa vilevile, naongoza, natoweka. Mara ya tatu watu wa kibandani wakaanza kunong'ona. Ukanipigia, ukaniuliza ukifika kule mbele unapatwa na nini mwanangu. Nikakujibu kwamba miguu imekataa.

Hukuliacha neno hilo lipite. Ulilipeleka kwa mganga, naye akapasua kuku wake, akasema nimefungwa na mwanamke mzee wa damu yako, mwenye macho mekundu. Loo, baba! Pale kwetu ni mama gani wa umri ule asiye na macho mekundu? Wanapikia mavi ya ng'ombe, moshi unawaingia tangu usichana. Macho ya shangazi mimi nayajua. Mama alipofariki ni yeye aliyekuwa akiinama kupuliza moto kila alfajiri ili nisiende shule na tumbo tupu. Huo wekundu mnaouogopa, nusu yake ni uji wangu.

Felisita ndiye aliyenipa habari, tena kwa kuchelewa, huku analia. Alisema vijana waliezua paa la nyumba ya shangazi na wewe umesimama unatazama. Alisema shangazi hakubishana na mtu. Alikunja khanga zake akaenda kwa binti yake Kabula, kule Mwanhuzi, na wakati wa kuagana aliuliza kama mimi Luhende nimeshapona miguu. Niliposikia hilo nililia kama mtoto.

Baada ya hapo nilikimbia tena, na safari ile nikafika mwisho. Nikawa wa nne. Mliniona wote. Ulinipigia simu ngoma inalia nyuma yako, na wewe mwenyewe unalia kwa furaha, ukasema unaona mwanangu, ametoka tu shangazi yako, miguu imefunguka. Nilipotaka kusema, ukacheka, ukasema moyo wangu ni laini kama wa marehemu mama, nisimtetee. Nikabaki nimekaa kitandani hotelini na medali wanayopewa wote wanaomaliza shingoni. Sikuwa na mtu wa kumwambia. Sasa Kabula ananiambia sifa zile za uchawi zimefika mpaka Mwanhuzi. Majirani wameacha kuchota maji naye, na vijana wanazunguka nyumba yake wakipiga filimbi. Filimbi hizo unajua huishia wapi, huishia kwenye panga.

Mficha uchi hazai, baba. Keti vizuri unisikilize.

Hakuna mtu aliyenifunga miguu. Mimi nalipwa ili niache mbio. Ndiyo kazi yangu. Wenye mashindano wanataka mabingwa wao wakimbie kasi, kwa hiyo wanamkodi mtu kama mimi atangulie, awakatie upepo, awavute, na akifika kilomita ya thelathini hivi kati ya arobaini na mbili atoke pembeni, awaache washindane wenyewe. Tunaitwa sungura. Nimekubali kazi hiyo tangu safari ya kwanza. Kila mliponiona natoweka nilikuwa nimetoka kwa miguu mizima kabisa, natembea peke yangu kando ya barabara. Watu wote wameshageuza shingo kuwafuata wengine, hakuna hata wa kunipa maji. Natafuta njia ya kurudi hotelini kwa kuuliza kwa mikono.

Nilinyamaza kwa sababu dume lilikuwa limeshachinjwa, na jina la babu lilikuwa limeshaitwa mbele za watu. Nikaona heri uambiwe miguu mibovu kuliko usikie kwamba mtoto wako anakodishwa kuwatangulia wanaume wenzake. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yangu imepita mgongoni kwa shangazi.

Na siku ile niliyofika mwisho nilifanya kusudi. Kocha wangu Kristofa alikuwa kando ya barabara, akanionyesha mkono nitoke, nikampita. Nilidhani mkiniona nimemaliza mtajua sikufungwa na mtu, mtamrudisha. Sikufikiri kwamba, yeye akiwa ameshaondoka, mngesema ni kwa sababu ameondoka. Nimemkandamiza zaidi kwa mguu wangu mwenyewe. Kazi nayo imekwisha, kwani hakuna anayemkodi sungura asiyetoka njiani. Hilo sililii sana.

Ninaloomba ni moja. Barua hii isomwe yote mbele ya ukoo, na vijana walioezua lile paa wawepo. Wakiniita mwongo, waniite, ni kweli. Ijumaa napanda basi, ila nitashukia Mwanhuzi, na pale kwako sitakanyaga mpaka shangazi akanyage kwanza. Nisamehe kwa neno hilo, baba. Bado ni mtoto wako.

Nisalimie Maige, na Joakim wa kibandani, na watoto wa Felisita wote, hata yule mtundu. Wasalimie majirani waliokula nyama ya dume. Salamu za shangazi Nyanjige usimtume mtu, wala usipige simu. Panda pikipiki uende mpaka mlangoni kwa Kabula, uvue kofia, umpe wewe mwenyewe, kaka yake, watu wakiona.

Ni mimi mwanao,
Luhende Bundala