Kibao cha Mkokoteni wa Anselme

Courmeuil, 24 Januari

Dada Mathilde mpenzi,

Salamu kutoka kwetu, kwenye baridi na matope. Mgongo wako unaendeleaje? Sisi tu wazima. Kaka yetu Gaétan ana afya ya jogoo. Kelele zake ndizo zinazotuumiza.

Jumamosi ilikuwa sikukuu ya Mtakatifu Vinsenti, msimamizi wetu sisi wakulima wa zabibu. Gaétan, ambaye hajapogoa mzabibu hata mmoja tangu aanze kuvaa makoti ya mjini, alijifunga aproni mpya akaibeba sanamu ya mtakatifu kana kwamba yeye ndiye aliyemzaa. Baada ya misa akatusomea historia ya ukoo wetu, ile aliyoichapisha kwa ajili ya wageni wanaokuja kuonja shampeni. Eti baba yake babu, mzee Anselme, katika ghasia za 1911 aliongoza wakulima kupindua mikokoteni ya matapeli walioleta mvinyo rahisi wa kusini na kuuuza kama shampeni. Wanakijiji, wanafiki wale wale wanaomteta kila siku, wakapiga makofi huku midomo imejaa mikate yake.

Ndipo jirani yetu mzee Pothier akaweka mezani kibao cha chuma chenye kutu. Wajua zamani kila mkokoteni ulipigiliwa jina la mwenyewe. Lilikuwa jina letu. Akasema kwa upole kwamba babu yake aliking'oa siku ile kwenye mkokoteni wa Anselme, kabla ya kuyabingirisha mtoni mapipa yake ya mvinyo wa kusini. Gaétan akacheka: eti mzee, leo umeonja mapema, nenda kalale! Kisha akanigeukia, hebu Odile, waambie alivyokuhadithia babu.

Dada, hapa naungama. Babu alinihadithia kama Pothier, tena akilia. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, mwalimu ametaka insha ya ukoo. Nikaona haya, nikakigeuza kisa. Baba akaitia insha kwenye fremu, na Gaétan, bwege yule, ameiamini maisha yake yote.

Ukumbi mzima ukanitazama. Nikasema Gaétan kasoma kweli tupu, na kibao kile akina Pothier walituibia. Wakamzomea. Mzee akakifunga kibao kwenye leso, akatoka, kofia akaisahau. Nawadharau wote kijijini hapa, lakini aliyefanya jambo ovu kuliko langu simjui.

Kesho Gaétan anachapisha historia upya. Ameongeza kwamba akina Pothier ni ukoo wa wezi, na chini ameweka jina langu, shahidi. Sijamkataza.

Msalimie shemeji, wabusu watoto.

Mdogo wako,
Odile