Kibuyu cha Mlangoni

Gitothua, Ruiru
17 Agosti, 1958

Kwa ndugu yangu Philip Odhiambo,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu na kwa dada yangu Ngendo. Habari za huko nyumbani? Mama yako anaendeleaje na miguu yake, na mke wako, na yule mtoto uliyeniandikia kwamba analia kama honi ya kiwanda? Natumaini barua hii itawakuta nyote wazima. Nikikuambia sisi huku ni wazima nitakuwa nimekudanganya, omera, kama mnavyoitana ndugu huko kwenu. Natembea, nakula, kazini naenda. Lakini baba hayuko. Mzee Kagwe ametuacha, tumeshamzika, na nimechelewa kukuandikia kwa sababu kila nikishika kalamu machozi yanamwagikia karatasi.

Najua utauliza imekuwaje, maana ulipoondoka Thika ulimwacha mzee na nguvu zake, anakutania kwamba mtu mrefu kama wewe anamaliza chakula cha watu wawili. Basi nitakueleza tangu mwanzo. Nivumilie, kuna jambo lako humu ndani.

Nilikuandikia mwezi wa sita kwamba wazazi wa Waithira walikubali tupeleke pombe kwao Thika, na nikakualika. Desturi yetu unaijua, nilikusumbua nayo vya kutosha tulipokuwa tukilala chumba kimoja. Baba wa kijana ndiye anayetengeneza. Wazee wa msichana wanamimina kwenye pembe, msichana anaonja, kisha anampa baba yake anywe. Hapo ndipo amesema ndiyo. Pombe ikikataliwa, hakuna ndiyo. Tena tangu hii Hali ya Hatari ianze, mtu hapiki pombe hivi hivi. Chifu alitupa ruhusa ya Jumamosi moja tu, akasema jua likizama ruhusa nayo imezama.

Nikaomba likizo kiwandani nikaja nyumbani. Miwa tuliitwanga na Ngendo mpaka mikono ikatoka malengelenge, na baba akakamua maji yake mwenyewe, akatia miratina, yale matunda ya kuchachushia, zilizokauka vizuri, akajaza kibuyu kikubwa na kukiweka karibu na moto. Yaliyobaki aliyatia katika kibuyu kidogo akatoka nacho. Sikumuuliza anakipeleka wapi.

Sasa wewe unaijua baridi ya Ruiru ya mwezi wa saba. Manyunyu asubuhi, manyunyu jioni, jua hulioni. Pombe ikishikwa na baridi inalala, haitoi povu, na siku ya watu inafika ikiwa bado maji ya miwa. Ikizidishiwa moto nayo inakimbia, inachacha, inakuwa siki. Kazi yote iko hapo katikati. Unakumbuka ulimwambia baba kwamba kiwandani kwetu kuna kioo chenye zebaki cha kupimia joto, na kwamba utamwibia kimoja? Akakujibu kwamba shavu lake halivunjiki. Hicho ndicho kilikuwa kipimo chake maisha yake yote. Anainama, anaweka shavu kwenye kibuyu, anafumba macho kidogo, halafu anasema kisogezwe, au kifunikwe, au kiachwe. Watu walitoka mpaka Murera kumwita aje awawekee shavu kwenye vibuyu vyao.

Basi siku ya kwanza aliweka shavu akasema kimelala, tuongeze kuni. Tukaongeza. Baadaye akaweka tena akasema hata ubaridi haujatoka, tulete blanketi. Tukaleta. Ngendo alipokumbatia kile kibuyu kukigeuza alisema kinamchoma kifuani, na mimi nilipokigusa nikaona kweli kina moto. Nikamwambia mzee. Aiya! Aligeuka mkali, akaniambia nirudi kiwandani kwangu nikafunge mikebe, pombe niwaachie wanaoijua. Nami nikarudi kwenye kuni zangu. Nani angebishana na shavu la Kagwe? Yeye mwenyewe alikuwa amejikunyata motoni na koti zito, anatetemeka, lakini juma lile nani hakutetemeka? Alikohoa, tukasema ni moshi.

Jumamosi tukapanda lori ya mtu wa hapa, wazee wetu nyuma na kibuyu katikati yao. Nyumbani kwa Mzee Simeon, baba yake Waithira, tulipokewa vizuri sana, na Waithira alikuwa amevaa gauni la buluu, ananiangalia na kuangalia chini. Wakafungua kibuyu. Philip, harufu peke yake ilitosha. Mzee mmoja wa kwao alionja akatema, mwingine akamimina chini. Mzee Simeon hakutukana, ila aliirudisha pembe bila kuigusa na mdomo, akasema hawezi kumpa binti yake kinywaji kama hicho aonje kisha amkabidhi yeye. Waithira aliingia ndani akilia. Na baba yangu, mtu wa maneno kama unavyomjua, alibaki amesimama pale. Alikuwa anajipapasa shavu.

Kwenye lori ya kurudi alikaa karibu nami, na barabara ilipoturusha akaniegemea, uso wake ukagusa shingo yangu. Haki ya Mungu nilishtuka. Alikuwa anawaka. Nikamshika paji la uso, nikamshika mikono, mwili mzima ulikuwa moto kama jiwe la jikoni. Hapo hapo nikaelewa yote. Alikuwa na homa tangu siku ile ya kwanza, na shavu lenye moto kama ule lingeona kitu gani isipokuwa baridi? Kibuyu kilikuwa kinaungua, na yeye akiweka uso anasikia ubaridi tu.

Jumapili nilimpeleka kwa daktari, akasema ni homa ya mapafu, imeingia ndani sana, akampiga sindano. Mimi sikuwaza dawa, niliwaza kumweleza. Nilikaa kando ya kitanda nikamwambia baba, si mkono wako uliokosea, ni homa, hata mtu mwingine yeyote angekosea. Nilimwambia mara nyingi. Aliniangalia kwa huruma, kama vile mimi ndiye mgonjwa, akasema nisimtafutie kisingizio, uzee umemfikia na amemharibia mwanawe ndoa. Siku zile alizobaki nazo alikuwa akimwomba msamaha kila mtu, mimi, Ngendo, hata jirani aliyeleta uji. Jumanne alfajiri akafa. Amekufa akiamini kwamba ujuzi wake ulimwacha kabla ya pumzi. Hilo ndilo linaloniua, ndugu yangu. Kifo chenyewe ningekibeba.

Sasa nisikilize. Tulipotoka kuzika, Mzee Simeon alikuja na Waithira na wazee wawili kutupa pole. Ngendo akaniita nje, akaniuliza tufanye nini na kibuyu cha Philip. Nikamwuliza kibuyu gani cha Philip. Akanipeleka nyumbani kwake hapo kando, na pale nyuma ya mlango, mahali upepo unapoingilia, kilikuwa kile kibuyu kidogo, kimefungwa gunia. Akaniambia baba alikileta siku ile ile ya miwa akamkataza asikisogeze motoni hata kidogo. Alisema Firipu wetu hajawahi kufika mahali kwa wakati, atakuja watu wakiwa wameshakunja viti, kwa hiyo ya kwake iachwe kwenye baridi, iende polepole, imngoje. Hakukiwekea shavu tena. Aliugua akakisahau, na Ngendo naye aliheshimu neno lake.

Nilikifungua nikitegemea siki. Omera, ilikuwa inachemka taratibu, povu jembamba, harufu ya asali. Nikaonja. Sijawahi kuonja pombe kama ile tangu nizaliwe, na mimi ni mtoto wa Kagwe. Nilikaa chini pale mlangoni nikalia kwa sauti mpaka watu wakatoka nje.

Nikamimina kwenye pembe, Mzee Simeon akaonja. Akanirudishia pembe, akauliza ni nani aliyetengeneza hii. Nikamjibu ni yule yule. Akavua kofia. Halafu, bila kuambiwa na mtu, Waithira akachukua pembe mkononi mwangu, akanywa kidogo, akampa baba yake. Na Mzee Simeon akanywa akaimaliza, machozi yakimtoka. Kiti cha baba kilikuwa pale pale kitupu.

Kwa hiyo Waithira ni mke wangu, na nimemwoa kwa pombe yako. Tuliinywa yote siku ile, isipokuwa kidogo nilichomwagia mzee kaburini. Nisamehe kwamba hatukukubakizia. Siilaumu miguu ya mama yako iliyokuzuia kuja, wala usijilaumu. Ungefika kwa wakati, tusingekuwa nayo. Ila ningetoa chochote baba angeionja mara moja tu, ajue.

Nisalimie mama, mwambie dawa ya miguu Ngendo ataituma. Msalimie mke wako na huyo mwenye honi. Waithira anakusalimia ingawa hakujui bado. Njoo ukiweza, hata ukichelewa, nikuonyeshe alipolala.

Ni mimi ndugu yako mwenye majonzi,
Bedan Kagwe