Msonge wa Mawe

Al Rayyan, Doha

Dada yangu Sharifa,

Salamu zikufikie wewe, shemeji, na wote waliomo humo ndani, mama akiwa wa kwanza. Naomba Mungu goti lake liwe limetulia, na ile dawa ya kuchua niliyotuma isiwe imeishia kwa majirani. Mimi ni mzima, Alhamdulillahi, ila joto la huku unalijua kwa kusimuliwa. Barua hii anakuletea Twaha, yule kijana wa Kamachumu anayefanya ulinzi kule Lusail, anakuja likizo. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu utanikatiza, halafu nitalia, halafu tutaishia kuongea habari za mvua.

Najua picha umeziona. Mama alinieleza kuwa umezitembeza mtaa mzima, eti mdogo wangu yuko Italia. Basi jua kwamba nilikwenda kazini. Madam na mume wake walikuwa likizo, na mtoto wao Hessa akienda popote na mimi naenda, maana hali, haogi wala halali bila mimi. Nilimpokea kabla hajatimiza siku arobaini na sasa ana miaka minne. Madam anashinda ofisini Al Sadd na akirudi amechoka, kwa hiyo mtoto kajifunza kusema kwangu. Kiarabu anakijua, lakini akilia analia Kiswahili, na tena cha kwetu, cha kuvuta maneno kama mama.

Mji wenyewe unaitwa Alberobello. Nyumba zake ni za duara, kuta nyeupe za chokaa, na paa limechongoka juu, mawe bapa yamepangwa duara juu ya duara mpaka yanakutana kileleni, bila saruji wala udongo. Nilisimama katikati ya njia na mkoba wa Hessa begani, nikacheka peke yangu. Dada, ni msonge wa bibi, ila wa mawe. Watu wanapanda ndege kwenda kupiga picha kitu ambacho sisi tulikuwa tunapita nyuma ya nyumba ili wenzetu wa shule wasituone tukitoka humo. Mwenye nyumba tuliyopanga alitueleza kwamba zamani bwana mkubwa wa pale aliwalazimisha watu kujenga hivyo, ili wakaguzi wa mfalme wakija kutafuta kodi, paa zishushwe upesi ionekane hapana mji. Madam na mume wake walicheka sana. Mimi nilikifikiria chumba changu cha hapa Rayyan, kitanda kimoja na sanduku, nikaona nami naweza kushushwa upesi vilevile.

Na hapo ndipo wivu ulipoanza, na mwenye wivu ni mimi na mwenye kuonewa ni wewe. Nilikuona kwa mawazo umekaa kwenye ua ule ule wa bibi, unakunywa chai yako, mama yuko pembeni anakulalamikia goti, na Mariamu wangu yuko miguuni kwako. Mimi nimebaki na picha, wewe umebaki na watu. Nilimwacha ana miaka miwili, anatembea kama bata, na sasa anasoma. Kila Ijumaa ninapopiga namwona sekunde chache, anapunga mkono, anakimbia. Na Ijumaa moja kabla ya safari, ulipoweka simu juu ya meza ukaenda jikoni, nilimsikia anakuita. Alikuita mama. Wewe ni mama mkubwa kwake, Sharifa, ndivyo tulivyomfundisha. Nilikaa na simu mkononi nikijiuliza lile neno mkubwa limekwenda wapi. Ulirudi ukaniambia mtoto ana haya tu, lakini anasema amenikumbuka sana na anauliza nitakuja lini. Nikasema sawa. Sikuwa na usawa wowote.

Sasa nikupe kisa chenyewe. Paa nyingi za kule zimechorwa alama kwa chokaa, kuna za moyo, za msalaba, za mwezi. Yetu ilikuwa na jua. Nilimfundisha Hessa kwamba akipotea atafute jua na akae mlangoni. Nilijiona nina akili sana. Siku hiyo tulikwenda kwenye njia ya maduka, na madam akaniambia nitembee nyuma na mizigo, leo mkono wa Hessa atashika mwenyewe. Nikarudi nyuma na mifuko yao. Akaachia mkono kidogo tu apime shali mbele ya kioo, na alipogeuka mtoto hayupo.

Dada, mji mzima unafanana. Tulikimbia juu na chini, madam akiita kwa Kiarabu, mimi kwa Kiswahili, mume wake kwa simu. Kwenye nyumba yetu hayupo. Kumbe majua yako mengi, na Hessa alikuwa amekaa kwenye jua la watu wengine, nyuma ya kanisa. Bibi mmoja mwenye aproni alikuwa amemkalisha kwenye kigoda na kumpa biskuti, naye analia kwa maneno ambayo bibi wa watu hakuelewa hata moja.

Madam ndiye aliyefika wa kwanza. Alimnyanyua akamkumbatia, na Hessa akamsukuma kifuani kwa mikono yote miwili, akapiga kelele kwamba huyu hamtaki, anamtaka Faridah wake. Yule bibi alimwangalia madam, akaniangalia mimi, ikawa wazi kwamba hajui mama ni nani kati yetu. Madam akanigeukia na kuniuliza, eish tagul, anasema nini huyu mtoto.

Sitakuficha, moyo wangu ulifurahi. Nilitaka kumpa neno kwa neno, tena taratibu, lisipotee hata moja. Yeye ana nyumba, ana mume, ana mtoto wake mikononi, acha basi na yeye auonje uchungu. Lakini nilimtazama usoni. Uso ule naujua. Ni ule ninaouona kila Ijumaa kwenye kile kipicha changu kidogo pembeni ya kioo cha simu, Mariamu anapokimbia. Nikamjibu, mtoto anasema alikuwa anakutafuta wewe, madam, na aliogopa sana bila wewe.

Kesho yake, tukiwa kwenye chai, madam aliniambia hakuamini. Alisema kusukumwa hakuhitaji mkalimani. Akanishukuru hata hivyo, akasema kuanzia siku ile atamwogesha na kumlaza yeye, na mimi nimfundishe maneno ya Kiswahili anayotumia mtoto. Nilisema sawa madam, nikaenda kukunja nguo, na gauni moja la Hessa nililikunja na kulikunjua sijui mara ngapi kwa wivu. Tumerudi Doha na madam anaendelea. Anakaa na mimi jikoni anajifunza nibebe, nimeshiba, usiondoke. Juzi Hessa alilala kifuani kwake, nami nimesimama mlangoni na kikombe cha maziwa ambacho hakuna aliyekihitaji.

Hapo ndipo nilipofika kwenye neno lililonifanya nishike kalamu. Ile sauti niliyomwambia nayo madam uongo, niliitambua ikitoka mdomoni mwangu. Ni sauti yako. Ndiyo unayoniambia nayo kila Ijumaa kwamba Mariamu amenikumbuka, kwamba ana haya tu. Hajawahi kuuliza nitakuja lini, si ndiyo? Huenda huwa anauliza yule mwanamke wa kwenye simu ni nani. Umenifanyia mimi miaka yote nilichomfanyia madam siku moja, na mimi nikakulipa kwa kusema unaniibia mtoto. Nilisema hivyo kwa shangazi wa Mwanza, na ndiyo maana alikuwa aje shule zikifungwa. Alikuwa amchukue Mariamu kwa jina la matembezi, asimrudishe. Mpango ulikuwa wangu. Nilitaka aishi na mtu ambaye hatamwita mama. Nimempigia shangazi nikamwambia asije, amenuna, na ukimwona atakuambia mengine zaidi ya haya. Nikasirikie unavyotaka, ila mtoto abaki hapo alipo.

Wivu haujaisha, usijidanganye. Nimeupunguza tu.

Twaha atakukabidhi kifurushi. Ndani kuna msonge mdogo wa mawe, nilinunua kule, na jua lake juu ya paa. Mpe Mariamu. Usimwambie ametumiwa na mama yake. Akiuliza umetoka kwa nani, mwambie. Asipouliza, Ijumaa nikipiga niambie hakuuliza, kwa maneno hayo hayo, wala usiongeze kitu.

Mbusu mama kwa niaba yangu, na shemeji mwambie shati alilotaka saizi yake haipatikani, tumbo limezidi. Majirani wote wasalimie, pamoja na wale waliotumia dawa ya mama.

Ni mimi mdogo wako,
Faridah