Bunga juu ya Motere

Mujukuu wangu Ilunga,

Jambo sana. Huku mu mutaa wetu wa Kenya tuko bazima. Mutoto wa dada yako analia kupita mashine ya kusaga.

Unauliza gari yako ya zamani inapotezea maji wapi, kwani chini hauoni hata tone. Siku nilipopata diplome, baba alikuwa ameinamia motere ya gari yake ikiwaka, anatafuta vilevile, amenuna: bila gari, hatufiki kwenye karamu yangu kule mutaa wa Bel-Air. Barafiki bangu bakakuja mbio kunimwangia bunga ya mahindi kichwani, vile tunafanyaka mutu akifaulu. Nikajificha nyuma ya baba. Bunga ikamwangika juu yake na motere yote. Akafungua kinywa kufoka, akainama upesi: kwenye tiyo inayopitisha maji ya moto ya radiatere, bunga ilikuwa inageuka bukari, ugali kabisa.

"Mumwange ingine!" baba akaita.

Akaifunga tiyo na kipande cha mupira, tukaenda weupe sote, baba akipiga honi njia nzima.

Basi, mwangia motere yako bunga. Ukiona tundu, umefaulu: jimwangie na wewe.

Kambo yako